Dude Lisilo na Jina: Filamu ya The Blob na Hadhira Yake

Katika tahakiki za filamu za Kimarekani za miaka ya 1950, The Blob (1958) aghalabu hutajwa kwa mojawapo ya njia mbili: ama kama mfano wa ubovu unaochekesha, ama kama istiara ya hofu ya Ukomunisti, kwa kuwa dude lenyewe ni jekundu na humeza kila lipatacho. Maelezo haya yote mawili yanashindwa mahali pamoja. Hayaelezi kwa nini, zaidi ya miaka 60 baadaye, wapo watu wanaokusanyika kila Julai katika mji mdogo wa Pennsylvania ili watoke mbio ukumbini mwa sinema huku wakipiga mayowe. Filamu mbovu ni nyingi, na istiara za Vita Baridi ni nyingi vilevile. Sehemu kubwa yazo imesahauliwa.

Filamu hii haikuzaliwa Hollywood. Ilitengenezwa Pennsylvania na Valley Forge Films, kampuni ndogo ambayo kazi yake ya kawaida ilikuwa filamu za dini, na mwelekezi wake, Irvin Yeaworth, alikuwa amelelewa na kazi hiyo. Aliyetaka zimwi ni mtayarishaji, Jack H. Harris. Gharama ilikuwa dola 110,000 hivi. Steve McQueen, ambaye hapa alipata nafasi yake ya kwanza ya mhusika mkuu wa filamu, alilipwa dola 3,000, na akiwa na umri wa miaka 27 akaigiza kijana ambaye bado yumo mikononi mwa wazazi. Dude lilikuwa silikoni iliyotiwa rangi nyekundu na kutiririshwa juu ya vijimfano vya majengo. Kampuni ya Paramount iliisambaza pamoja na I Married a Monster from Outer Space, The Blob ikiwa ya kusindikiza tu. Punde nafasi zikabadilishana.

Msuko wake ni mwepisi. Kimondo chaanguka, mzee mmoja achokoa kilichomo kwa kijiti, kitu kama ute chamganda mkononi na kumla. Kisha chala muuguzi na daktari, na kila kilapo hukua. Kijana Steve na mwenzake Jane wanajua kilichotokea, lakini polisi hawasadiki na wazazi wanawataka wakalale. Msomaji wa fasihi simulizi ya Kiswahili hapa hana budi kukumbuka hadithi ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales (1870). Humo paka wa Sultani huanza kwa mifugo, na kila watu wanapolalamika Sultani huwajibu kwamba paka ni wake. Mwishowe paka amekuwa nunda, mla watu, na amewala hata wana wa Sultani. Anayeondoka kwenda kulitafuta ni mwana mdogo. Haidaiwi hapa kwamba Wamarekani waliisoma hadithi hiyo. Kinacholinganishwa ni mantiki ya ukuaji: zimwi la namna hii hunenepa katika mwanya ulioko kati ya wanaoona na wenye mamlaka ya kusadiki. Ndiyo maana usomaji wa kisiasa hautoshi. Wekundu wa dude ni wa damu ya waliomezwa kabla haujawa wa bendera yoyote, na mgogoro unaochukua muda mwingi zaidi katika filamu ni wa vijana kutafuta mtu mzima wa kuwasikiliza, hata wakalazimika kupiga honi za magari usiku ili kuuamsha mji.

Hoja ya ubovu nayo inaangushwa na filamu yenyewe tangu mwanzo. Wimbo wake wa ufunguzi, uliotungwa na Burt Bacharach na Mack David, ni wa mzaha na wa kuchezeka. Anayeicheka filamu hii hajaizidi akili, amefuata maelekezo.

Tukio linalostahili kuzingatiwa kuliko yote ni lile la ukumbini. Watu wameketi usiku wakitazama filamu ya kutisha. Nyuma yao, katika chumba cha mtambo, mwonyeshaji filamu anamezwa. Kisha dude lapenya kwenye vidirisha ambavyo muda mfupi uliopita vilikuwa vikipitisha mwanga wa picha. Hadhira iliyolipa ili iogopeshwe kwa mchezo yatoka mbio barabarani kwa hofu ya kweli. Picha hizi zilipigwa katika ukumbi wa Colonial, mjini Phoenixville, uliofunguliwa mwaka 1903. Mtazamaji wa 1958, naye akiwa gizani na mtambo nyuma yake, alikuwa amechorwa ndani ya hadithi aliyokuwa akiitazama.

Phoenixville ulikuwa mji wa chuma, na kiwanda chake kilifungwa katika miaka ya 1980. Ukumbi wa Colonial nao ulifungwa, ukafunguliwa upya mwaka 1999, na kuanzia mwaka 2000 hapo ndipo panapofanyika sherehe ya Blobfest. Kilele chake ni ile mbio: watu huingia, kisha hutoka kwa mlango uleule wakikimbia dude ambalo halipo. Kuuita mkusanyiko huu ushabiki tu ni kuudunisha. Fanani na hadhira wamebadilishana nafasi kama ilivyo katika ngano inayosimuliwa kwa watu wanaoijua tayari, na mji ulioachwa na kiwanda umekuta kwamba kinachoweza kurudisha wageni barabarani ni dakika chache za filamu ya bei nafuu.

Mwishoni, dude laganda kwa baridi ya mitungi ya kuzimia moto iliyotolewa shuleni, na ndege ya jeshi yalidondosha Aktiki kwa mwavuli. Haliuawi, usalama wa dunia unategemezwa kwa barafu, na maandishi ya kufungia filamu yanageuka kuwa alama ya kuuliza. Mwaka 1958 alama hiyo ilikuwa utani na mlango wa kuendeleza hadithi, nao ukatumiwa mwaka 1972 katika Beware! The Blob. Watazamaji wa siku hizi wa Colonial hucheka kwa kuchelewa kidogo wanapofika hapo, kwa kuwa barafu ile sasa inayeyuka.