Jinsi ya kuchagua dawa ya wadudu ya kutia katika nguo

WALINZI wa usiku, wavuvi, wafugaji na askari wa wanyamapori huwa kazini saa zile mbu wa malaria wanapouma zaidi, wala hawawezi kujikinga kwa neti. Kwao, nguo iliyotiwa dawa ni kinga ya ziada, mradi dawa hiyo iwe imetengenezewa nguo.

Inayotumika zaidi ni permethrini. Iliundwa katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1970, kwa kuiga sumu asilia ya maua ya pareto, zao ambalo Kenya iliongoza ulimwenguni kwa miaka mingi. Dawa hiyo hushika nyuzi za kitambaa, na mbu au kupe anayetua juu yake hulegea na kufa.

Mnunuzi ana njia mbili. Dawa ya kunyunyiza, yenye permethrini asilimia 0.5, hutiwa nyumbani na hudumu takriban wiki sita au hadi nguo ifuliwe mara sita. Nguo iliyotiwa dawa kiwandani ni ghali zaidi, lakini yaweza kustahimili kufuliwa hadi mara 70.

Kosa la hatari ni kuloweka nguo katika dawa ya kuogeshea mifugo au ya kunyunyizia mimea. Nyingi kati ya hizo zina sumu kali inayopenya ngozi ya binadamu. Kabla ya kununua, hakikisha kibandiko kinasema dawa ni ya nguo na kwamba imesajiliwa na bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB.

Nguo hunyunyiziwa ikiwa imetundikwa nje, kisha huachwa ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Permethrini haipakwi mwilini wala haitiwi katika nguo za ndani. Ngozi iliyo wazi hupakwa dawa ya kufukuza mbu kama vile DEET. Paka wasikaribie nguo mbichi, na mabaki yasimwagwe mtoni kwa kuwa huua samaki.

Penye mbung'o, vaa nguo nzito isiyo ya buluu wala nyeusi, rangi zinazowavutia.

Magharibi mwa Kenya, baadhi ya mbu wamekuwa sugu kwa dawa za jamii hii. Kwa hivyo, anayerejea nyumbani alale ndani ya neti, na akipatwa na homa apimwe malaria bila kuchelewa.