Wazee Wanaosahau: Kazi, Nyimbo na Michezo katika Historia ya Kanisa

Katika 2 Samweli sura ya 19 yumo mzee ambaye wengi wetu humpita haraka tunaposoma habari za Daudi kurudi baada ya uasi wa Absalomu. Ni Barzilai Mgileadi, mwenye umri wa miaka 80. Mfalme anamwalika Yerusalemu ili amtunze huko. Barzilai anakataa kwa heshima. Anasema hawezi tena kupambanua mema na mabaya, chakula hakimpi ladha, na sauti za waimbaji hazisikii. Kwa nini basi awe mzigo kwa mfalme? Wahubiri tumemsifu sana mzee huyu kwa unyenyekevu wake. Mwaliko wenyewe tumeutazama kidogo. Mfalme alimwona kuwa ni mzee sana, na bado alimwita.

Tunaanza na Barzilai kwa sababu swali lake liko katika nyumba nyingi za washarika wetu. Yuko baba aliyekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi na leo anamwuliza mkewe yeye ni nani. Yuko bibi anayetoka usiku kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Madaktari huuita ugonjwa huu demensia, na aina yake iliyo ya kawaida zaidi hubeba jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Kwetu una majina mengine. Wapo wanaosema mzee amerudi utotoni. Wapo wanaosema amerogwa, au vibaya zaidi, kwamba yeye ndiye mchawi. Kule Kanda ya Ziwa wako akina mama wazee waliouawa kwa neno hilo, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu tu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Dawa ya kuuponya ugonjwa wenyewe bado haijapatikana. Lakini ipo njia ya kumtunza mgonjwa ambayo ina historia ndefu, nayo ni tiba ya burudani: nyimbo, michezo, masimulizi ya zamani, bustani, ngoma, mapishi, vyote vikichaguliwa kwa makusudi kulingana na mtu mwenyewe na vile alivyoishi. Wengine wataona ni jambo dogo, la kumpotezea mzee muda hadi jioni. Historia haituruhusu kulidharau hivyo.

Sisi Walutheri tungeweza kuanza na Luther mwenyewe. Mwaka 1534 alimwandikia Matthias Weller, mpiga kinanda aliyekuwa amezama katika huzuni nzito, akamshauri kwamba mawazo mabaya yakimjia aamke akapige kinanda na kumwimbia Kristo mpaka yamtoke, kama Daudi alivyopiga kinubi mbele ya Sauli. Luther hakuwa daktari, wala huzuni ya Weller haikuwa ugonjwa wa kusahau. Ila tangu mwanzo Kanisa letu lilijua kwamba wimbo humfikia mtu mahali ambapo mahubiri hayamfikii. (Sisi tunaohubiri kwa saa nzima tungefaa kulikumbuka hilo hata kwa walio wazima.)

Habari iliyo karibu nasi zaidi ni ya Bethel. Karibu na mji wa Bielefeld, Ujerumani, kulianzishwa mwaka 1867 makao ya wagonjwa wa kifafa, watu waliokuwa wakifichwa au kufukuzwa. Mwaka 1872 akaja kuyaongoza mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Alikuwa baba aliyezika watoto wanne katika majuma machache mwaka 1869. Chini yake Bethel ikawa kama mji: mashamba, karakana, kiwanda cha matofali, kanisa, shule. Aliamini kwamba mgonjwa asilale kitandani akingojea kufa. Apewe kazi anayoiweza, na heshima yake itarudi. Muziki nao ulipewa nafasi kubwa. Mchungaji Johannes Kuhlo alifika hapo mwaka 1893 kuongoza nyumba ya mashemasi, na ndiye aliyejulikana Ujerumani nzima kwa vikundi vya tarumbeta. Tukisikia tarumbeta za sharika zetu asubuhi ya Pasaka, tunasikia desturi iliyoletwa kwetu na wamisionari waliokulia katika upigaji huo.

Maana Bethel ilifika hapa. Wamisionari wenye uhusiano nayo walianza kazi Usambara mwaka 1891. Kituo cha Lutindi, katika wilaya ya Korogwe ya leo, kilijengwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo ingali ipo chini ya KKKT, na hadi leo wagonjwa hufanya kazi za shamba la chai, bustani na ufundi wa mikono kama sehemu ya tiba. Tunaijivunia, na ni haki yetu.

Lakini wazo hili la kazi lilikuwa na ufa ndani yake, na ufa huo ulionekana kwa namna ya kutisha. Kama heshima ya mgonjwa hurudi kwa sababu anaweza kufanya kazi, yule asiyeweza kazi yoyote ana heshima gani? Mwezi Oktoba 1939 serikali ya Wanazi ilianza kutuma fomu katika hospitali na makao ya wagonjwa. Fomu ziliorodhesha magonjwa: kifafa, wenda wazimu, na pamoja nayo magonjwa ya akili ya uzeeni. Kisha ziliuliza mgonjwa anafanya kazi gani, na kwa kiasi gani. Madaktari walioketi mbali, ambao hawakuwahi kumwona mgonjwa, walitia alama kwenye karatasi: nyekundu maana yake afe, ya buluu aachwe. Aliyeweza kulima au kushona alikuwa na la kuandikiwa. Mzee aliyesahau hata jinsi ya kushika sindano hakuwa na lolote. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi ya sumu katika mpango huo, na mauaji yaliendelea kwa njia nyingine hadi vita vilipokwisha.

Mahali pa kwanza pa mauaji hayo palikuwa Grafeneck, kusini mwa Ujerumani. Kabla ya kutwaliwa na serikali palikuwa ni makao ya Kikristo ya walemavu. Tunalitaja kwa sababu nyumba ya huruma haina kinga ndani ya kuta zake.

Walikuwapo waliosema. Mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka mrefu wenye ushahidi mwezi Julai 1940 ukapelekwa serikalini. Mwezi uliofuata akakamatwa. Mwezi huo huo wa Julai Askofu Theophil Wurm wa Württemberg aliandika barua ya kupinga. Pale Bethel, Fritz von Bodelschwingh, mtoto wa yule wa kwanza, alikataa kuzijaza fomu. Hata hivyo tusiwapambe kupita kiasi. Ni Bethel hiyo hiyo iliyokubali sheria ya mwaka 1933 ya kuwafunga wagonjwa uzazi kwa nguvu, na mwezi Septemba 1940 wagonjwa wake Wayahudi walichukuliwa wakaenda kuuawa. Kwa maoni yetu jambo hili lina uzito katika somo letu kuliko lingine lolote. Kazi kama tiba ni njema, lakini haitoshi kuwa msingi. Mtu anapoimba au kurusha mpira hazalishi kitu. Hakuna fomu inayoweza kuhesabu faida yake. Ndiyo maana kumwimbisha mzee asiyejua tena jina lake ni tendo la imani kuliko kumpa jembe.

Baada ya vita mambo yalikwenda polepole. Marekani, katika hospitali zilizotunza askari, muziki ukawa taaluma ya tiba yenye mafunzo yake vyuoni. Mwaka 1963 daktari Robert Butler aliandika kwamba mzee anayerudia-rudia habari za ujana wake hapotezi muda. Anayapitia maisha yake ili ayaweke sawa. Kabla ya hapo wauguzi wengi walifundishwa kumnyamazisha.

Aliyeligeuza jambo hili zaidi, kwa upande wa mawazo, ni Mwingereza Tom Kitwood. Aliwahi kuwa kasisi wa Kianglikana, na katika miaka ya 1960 alifundisha shule nchini Uganda. Baadaye aliacha ukasisi na kuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Bradford. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 alisema kwamba utu wa mtu hautegemei kumbukumbu zake tu. Ni heshima ambayo mtu hupewa na wengine katika uhusiano. Mgonjwa huumizwa na ubongo wake, na huumizwa tena na watu wanaomzungumza kana kwamba hayupo. Akataja mahitaji yake: faraja, mtu wa kushikamana naye, kuhesabiwa katika kundi, shughuli, na kujua kuwa yeye ni fulani, na katikati ya yote upendo. Mchezo na sherehe aliviweka kati ya mambo yanayoujenga utu huo. Kitwood alifariki mwaka 1998. Wengi kwetu hawamjui, ingawa sisi tunaosema mtu ni watu tungemwelewa mapema kuliko Waingereza wenzake.

Kisha likaja swali la ushahidi. Watafiti wa London walitunga mpango wa vikao 14, mara mbili kwa juma kwa majuma saba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Kundi dogo la wazee hujipa jina, huchagua wimbo wake, hurushiana mpira, kisha huzungumza: siku moja juu ya vyakula, siku nyingine juu ya utoto, sauti, au fedha. Hakuna anayesahihishwa kwa ukali. Mpango huo ulifika Kilimanjaro, katika wilaya ya Hai, eneo ambalo Injili ilifika kwa Wamisionari wa Leipzig mwaka 1893 na ambako uzee una washarika wengi. Huko huko, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ukaona kwamba karibu 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Vikao vikarekebishwa, kwa kuwa wazee wengi wa vijijini hawakupata shule na mambo ya kusoma na kuandika yangewaaibisha. Wagonjwa 34 walishiriki. Taarifa ya mwaka 2017 ilisema akili zao zilichangamka, hofu na usumbufu wa tabia ukapungua. Hali ya maisha kwa jumla ilipanda kidogo tu. Hakuna aliyepona. Lakini vifaa vyake ni mpira, viti na mtu mwenye subira, navyo havikosekani katika usharika wowote tunaoujua.

Kuna jambo moja dogo kwa ajili yetu tunaopeleka Chakula cha Bwana majumbani. Katika ugonjwa huu ya jana hutoka kwanza, ya zamani hukaa zaidi. Mzee aliyejifunza nyimbo zake miaka ya 1940 au 1950 huenda alijifunza kwa Kimachame au Kishambala kabla ya Kiswahili, na kwa maneno ambayo vitabu vya baadaye vimeyabadilisha. Mchungaji kijana anayefika na pambio la mwaka huu atadhani mzee hasikii. Basi aende na mwimbaji mmoja wa rika la mzee, aanze yeye, kwa lugha ile na maneno yale ya zamani, na mchungaji afuate kadiri anavyoweza.