Jina Peke Yake Halitoshi

Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, Tanzania. Katika msukumano ule mtoto akiachia mkono wa mama yake, basi tena. Baada ya vita, watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa kuwa wamepotezana na wazazi.

Mwaka huohuo masomo yakaanza kambini kwa zile shule za sandukuni za UNESCO na UNICEF: chaki, vibao na madaftari. Utauliza, chaki za nini wakati watu wanataka maji na mahindi?

Hebu tazama. Wanyarwanda kwa kawaida hawana jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake, tofauti na la baba, tofauti hata na la kaka yake. Sasa mtoto wa miaka minne ukimwuliza mama anaitwa nani, si atakwambia "Mama"? Karani wa Msalaba Mwekundu ana fomu moja na foleni ndefu. Mwalimu anaye mtoto yuleyule kila asubuhi. Leo atataja kilima, kesho atachora kanisa, wiki ijayo litamtoka jina la utani la babu.

Wasioweza kujieleza walipigwa picha, zikabandikwa makambini. Lakini sura ya mtoto mdogo hubadilika upesi, na mzazi aweza kuipita picha ya mwanawe. Kovu la gotini, au wimbo wa kwao anaouimba peke yake, atavijua anayeshinda naye.