Gari la Mgeni, Ardhi ya Mwenyeji: Historia Fupi ya Magari ya Matembezi kutoka Petroli hadi Umeme

Kila zama za usafiri zimeingia nchini mwetu na injini yake, na kila injini imekuja na ahadi yake. Sasa ni zamu ya umeme. Katika mbuga za Afrika Mashariki na Kusini, magari ya watalii yanayoendeshwa kwa betri yamekwisha kuonekana, nayo yanasifiwa kwa kutotoa moshi na kutowashtua wanyama. Huko Ulaya na Marekani mjadala umefika hadi kwenye magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani yake: je, betri itaweza kuukokota mzigo huo mamia ya kilomita? Swali hilo ni la wahandisi, nao watalijibu. Mwanahistoria ana swali jingine: gari la starehe linapopita katika ardhi ya watu, ni nani anayelipa gharama ya mapito yake?

Nitaliuliza swali hili nikiwa nimeelekeza macho Dirma, kata iliyomo wilayani Hanang, mkoani Manyara, katika nchi ya Wabarbaig na Wairaqw. Dirma si Serengeti wala Ngorongoro. Ndiyo maana nimeichagua. Historia ya utalii wetu huandikwa kutokea langoni mwa hifadhi; husomeka tofauti kabisa inapoandikwa kutokea mahali ambapo gari la mgeni hupita bila kusimama.

Tuanzie mwanzo. Tarehe 10 Agosti 1907, Luteni Paul Graetz wa Ujerumani aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akidhamiria kuivuka Afrika hadi pwani ya Atlantiki. Alifika Swakopmund, katika nchi tunayoiita leo Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Hiyo husimuliwa kuwa safari ya kwanza ya motokaa kulivuka bara hili. Kisichosimuliwa sana ni jinsi motokaa hiyo ilivyosonga mbele. Hapakuwa na barabara wala kituo cha mafuta. Petroli ilibidi itangulizwe njiani kabla ya gari, na gari lilipozama katika mchanga au matope lilivutwa kwa kamba na kwa mikono ya Waafrika. Na mwaka ulikuwa 1907, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimezimwa na njaa ikiwa bado imetanda kusini mwa nchi. Basi gari la kwanza la matembezi katika nchi yetu lilikuwa na injini mbili: moja ya chuma, nyingine ya misuli ya watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walirithi nchi na ndoto ya barabara moja kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo. Msafara wa Court Treatt uliondoka Cape Town mwezi Septemba 1924 na kuingia Kairo mwezi Januari 1926, miezi 16 njiani. Iliyokuja kuitwa Barabara Kuu ya Kaskazini ilipitishwa Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha, na kwa hiyo ukanda wetu wa Manyara ukajikuta kandokando ya njia ya matajiri. Bror Blixen, mwindaji maarufu wa Kiswidi, aliendesha shamba jirani na Babati. Mwaka 1928 yeye na Denys Finch Hatton walimwongoza mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza katika uwindaji wake humu Tanganyika.

Motokaa iliubadili uwindaji wenyewe. Mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu wiki nzima kumfuata simba sasa aliweza kumsogelea akiwa amekaa kitini na kumpiga risasi. Finch Hatton, ambaye naye aliishi kwa uwindaji, alikasirishwa na mauaji hayo ya Serengeti hata akayalaani katika gazeti la The Times la London. Hapo ndipo ilipozaliwa fikra kwamba mgeni abaki na gari lakini bunduki aibadilishe kwa kamera. Ilikuwa fikra njema kwa simba. Kwa binadamu ilikuwa na masharti. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga humo wakaondolewa na kupelekwa upande wa Ngorongoro. Mandhari ambayo mtalii aliitazama dirishani ilipaswa ionekane kama kwamba haijawahi kuwa na watu.

Gari lililoibeba fikra hiyo lilikuwa Land Rover, lililozinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Haki itendeke: gari hilo halikuwa la watalii peke yao. Baada ya uhuru, Land Rover ilikuwa gari la bwana shamba, la mganga wa wilaya, la chanjo na la katibu wa chama. Katika vijiji vingi ndiyo ilikuwa sura ya serikali. Hali hiyohiyo iliifuata Toyota Land Cruiser, ambayo karakana za Arusha, Hanspaul ikiwa mojawapo, zimejifunza kuikata, kuirefusha na kuifungulia paa ili mgeni asimame na kupiga picha. Huo ni ufundi wetu wenyewe. Pamoja nao yalikuja malori ya wasafiri vijana kutoka Ulaya, yaliyogeuzwa kuwa mabweni ya magurudumu, yakitoka Nairobi kuelekea Cape Town na kupiga kambi kandokando ya barabara.

Sifa kuu ya magari hayo yote ilikuwa moja: tangi kubwa. Likijazwa dizeli Arusha, na madumu mawili yakifungwa nyuma, gari halikuhitaji chochote kutoka kwa vijiji lililovipita. Chakula kilitoka mjini, maji yalitoka mjini, mpishi alitoka mjini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja miaka yote hiyo, lakini tangi lake lilimwezesha asikutane na mwenyeji.

Wakati huohuo, Hanang ilikuwa ikipata somo lake lenyewe kuhusu dizeli, nalo halikutoka kwa watalii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania kwa msaada wa Kanada ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika tambarare za Basotu. Shirika la umma la NAFCO lilikuja kumiliki mashamba saba, jumla yake yapata ekari 100,000. Yalilimwa kwa matrekta makubwa na kuvunwa kwa mashine, na ngano hiyo ililisha miji. Lakini tambarare hizo zilikuwa malisho bora kabisa ya Wabarbaig, yale waliyoyaita muhajega, ambayo mifugo iliyategemea kwa msimu wake. Njia za mifugo zilizibwa. Makaburi ya wazee yanayoheshimiwa, bung'eda, yalipitiwa na majembe ya matrekta.

Wananchi walikwenda mahakamani. Kesi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzake dhidi ya NAFCO ilifunguliwa mwaka 1981, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Ilisema halmashauri haikuthibitisha kwamba iligawiwa ardhi ile, na kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria iliyokuwa imetungwa na mkoloni mwaka 1923. Msomaji airudie sentensi hiyo. Robo karne baada ya uhuru, mfugaji wa Hanang alitakiwa athibitishe kwa ushahidi kwamba yeye ni mwenyeji wa Hanang. Kanada iliondoka katika mradi mwaka 1993. Kumbukumbu haikuondoka.

Nimelileta shauri la ngano katika makala ya magari ya matembezi kwa sababu moja. Mradi wa Basotu haukuongozwa na watu wabaya. Uliongozwa na watu walioamini kwamba teknolojia mpya ni njema kwa nafsi yake, na kwamba jambo jema halihitaji kuomba ruhusa. Ndiyo lugha ninayoisikia tena leo kuhusu umeme.

Basi tuutazame umeme wenyewe. Chobe Game Lodge ya Botswana ilianza kutumia magari na boti za umeme kwa watalii mwaka 2014. Jijini Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na baadaye kujiita Roam, ilianza kung'oa injini za dizeli katika Land Cruiser na Land Rover kuukuu na kuweka mota na betri, na baadhi ya magari hayo yakaenda kufanya kazi Maasai Mara. Kwa upande wa Serengeti nako magari yaliyogeuzwa kwa namna hiyo yamekwisha kutumika. Ufundi wake unaeleweka kwa urahisi. Gari la kutazama wanyama huenda polepole, husimama mara kwa mara, na jioni hurudi kambini palepale, ambapo paneli za sola zinaweza kulichaji. Halina nozeli, halina pampu ya dizeli, na mota yake haihitaji kubadilishiwa oili ya injini. Fremu na bodi vilivyochoka vinapata maisha ya pili.

Gari-nyumba na safari ndefu ni habari nyingine. Uzito ukiongezeka na barabara ikiwa ya vumbi na milima, betri huisha mapema. Arusha hadi Babati ni kilomita zipatazo 170. Katesh, anakoanzia safari mpanda Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, iko mbele kwa kilomita zipatazo 75. Barabara ni ya lami sasa, lakini mgeni atakayetoka Arusha kwa gari zito la umeme, akalala mlimani na kutaka kuendelea Mbulu au Singida, atalazimika kuchaji. Kuchaji si kujaza tangi kwa dakika tano. Ni kukaa saa moja, saa mbili, au usiku kucha.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Dizeli ilimwezesha mgeni kupita bila kusimama. Umeme unamlazimisha asimame. Tangu Graetz alipoondoka Dar es Salaam, hili ni badiliko la kwanza la injini linaloweza kumpa kijiji cha kando ya barabara nafasi ya kudai. Yeyote atakayemiliki mahali pa kusimama, atamiliki chai itakayonywewa hapo, kitanda kitakacholaliwa, na mazungumzo yatakayofanyika.

Je, ni nani atakayepamiliki? Nchi yetu haina tena kisingizio cha kukosa umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na treni ya umeme imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Nyaya za mradi wa REA zimefika vijiji vingi. Lakini historia inatuonya kwamba tusipokuwa macho, vituo vya kuchaji vitajengwa na mwekezaji kutoka mbali, juu ya kipande cha ardhi ya kijiji kilichotolewa katika mkutano wa nusu saa, na muhtasari ukasainiwa baadaye. Onyo hilo linahusu hata betri yenyewe. Nikeli ya Kabanga kule Ngara na madini ya kinywe kule Mahenge ni malighafi ya betri, na yote mawili yamo chini ya ardhi wanayoishi watu.

Tuna vyombo vya kisheria ambavyo Mulbadaw hawakuwa navyo mwaka 1985. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake kwa niaba ya wanakijiji, na inatambua hati ya hakimiliki ya kimila. Wilayani Mbulu, Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya namna hiyo mwaka 2011, kwa jina la jamii nzima na si la mtu mmoja mmoja. Tangu hapo, anayeitaka ardhi yao anajua pa kubisha hodi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nasema hivi: kabla ya kituo cha kwanza cha kuchaji kusimikwa katika ukanda wa Hanang na Mbulu, mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji husika iwe imekamilika na njia za mifugo ziwe zimechorwa humo. Ardhi ikodishwe kwa muda, isitolewe moja kwa moja, na kodi yake isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Kwa wanaharakati: wafundisheni wanavijiji kuusoma mkataba kabla hamjawafundisha kuupinga. Kwa wanafunzi, hasa wa ufundi: fundi wa gereji aliyelisha familia kwa kuzibua nozeli atakosa kazi ikiwa hakuna atakayemfundisha betri na mota. Arusha ilijifunza kuikata Land Cruiser bila kusubiri mtu wa nje. Inaweza kujifunza na hili, na vijana wa Katesh na Dirma wawemo darasani.

Watakaosema kwamba Dirma ni ndogo mno kushughulikiwa katika mjadala wa namna hii, wakumbuke kwamba Basotu nayo ilionekana ndogo pale ramani ya mashamba ya ngano ilipokuwa ikichorwa. Ramani ya vituo vya umeme bado haijachorwa yote. Safari hii wenye ardhi wawepo mezani kalamu inaposhikwa.