Antena za Kiraka: Zinavyosanifiwa, Kuigwa kwa Kompyuta na Kupimwa Kabla ya Matumizi

Vifaa vingi vya mawasiliano yasiyotumia waya, kuanzia ruta za Wi-Fi hadi vipokezi vya setilaiti vinavyofungwa kwenye magari, hubeba ndani yake antena bapa iitwayo antena ya kiraka. Antena hiyo husanifiwa kwa hesabu, huigwa kwa kompyuta kabla ya kutengenezwa, kisha hupimwa maabara. Makala haya yanaeleza hatua hizo tatu, pamoja na sababu ya majibu mazuri ya kompyuta kutotosha kuthibitisha ubora wa kifaa.

Maana na chimbuko

Antena ya kiraka, inayojulikana pia kama antena ya maikrostripu, ina tabaka tatu. Juu kuna kipande chembamba cha shaba, ambacho ndicho kiraka chenyewe. Katikati kuna bamba la msingi lisilopitisha umeme, na chini kuna tandiko la shaba lililo pana kuliko kiraka. Nguvu ya redio inapoingizwa kwenye kiraka, mawimbi hutoka kwenye kingo zake mbili zinazotazamana na kuelekea mbele, huku tandiko la chini likizuia sehemu kubwa ya nguvu isipotelee nyuma.

Wazo la antena ya aina hii lilitolewa na Georges Deschamps mwaka 1953. Hata hivyo, matumizi yake yalianza kushika kasi katika miaka ya 1970, baada ya kupatikana mabamba bora ya saketi na kufuatia kazi za wahandisi kama Robert Munson na John Howell. Faida zake zilionekana mapema: ni nyembamba, nyepesi, ina gharama ndogo, na huchapwa kwa njia ileile inayotumika kutengeneza bodi za saketi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hufanya kazi vizuri katika upana mdogo wa masafa, mara nyingi asilimia chache tu ya masafa iliyokusudiwa.

Hesabu za awali

Msanifu huanza na mambo matatu: masafa yanayotakiwa, unene wa bamba la msingi, na kigezo cha dielektriki cha bamba hilo. Kigezo hicho huonesha ni kwa kiasi gani bamba hupunguza mwendo wa wimbi na hivyo kufupisha urefu wake. Kadiri kigezo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kiraka kinavyokuwa kidogo.

Mfano unaofahamika ni antena ya Wi-Fi ya masafa ya megahezi 2,450. Katika hewa, nusu ya urefu wa wimbi la masafa hayo ni takribani milimita 61. Kiraka kikichapwa juu ya bamba la kawaida la saketi la FR-4 lenye unene wa milimita 1.6 na kigezo cha dielektriki cha 4.4, kanuni zinazotumika sana hutoa upana wa takribani milimita 37.3 na urefu wa milimita 28.8. Urefu huo huwa mfupi kidogo kuliko nusu ya wimbi ndani ya bamba kwa sababu uga wa umeme hufurika nje ya kingo, na kiraka hujiona kirefu kuliko kilivyo.

Hatua inayofuata ni kuchagua mahali pa kuingizia nguvu. Ukinzani kwenye ukingo wa kiraka ni mkubwa, kwa kawaida mamia ya omu, ilhali nyaya na saketi nyingi za redio hutumia omu 50. Kwa kuwa ukinzani hupungua kadiri mtu anavyosogea kutoka ukingoni kuelekea katikati, wasanifu wengi huchonga mfereji mdogo unaofikisha njia ya shaba mahali penye omu 50. Bila ulinganifu huo, nguvu hugonga kiraka na kurudi ilikotoka.

Kazi ya uigaji

Kanuni za awali hutoa makadirio. Uigaji wa kompyuta hutatua milinganyo ya Maxwell juu ya umbo lote la antena na kuonesha jinsi uga wa umeme na sumaku unavyosambaa. Programu zinazotumiwa na wahandisi ni pamoja na HFSS, CST Studio Suite na FEKO. Kwa wanafunzi na wabunifu wasio na uwezo wa kununua leseni, openEMS hupatikana bila malipo. Programu hiyo hutumia mbinu ya kugawa nafasi na muda katika hatua ndogondogo, iliyowasilishwa na Kane Yee mwaka 1966.

Katika uigaji, msanifu huchora umbo, huingiza tabia za kila malighafi, huweka mahali pa kuingizia nguvu, na huacha nafasi ya hewa kuizunguka antena. Programu hugawanya umbo hilo katika wavu wa vipande vidogo. Wavu ukiwa na matundu makubwa mno, jibu hutoka haraka lakini huwa na makosa. Kwa hiyo uigaji hurudiwa kwa wavu ulio mwembamba zaidi hadi majibu yasibadilike kwa kiasi cha maana.

Jibu linalotazamwa kwanza ni kiasi cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Kipimo cha desibeli −10 kina maana kwamba asilimia 10 ya nguvu imerudi, na desibeli −20 ni asilimia 1. Wasanifu wengi huchukulia −10 kuwa kiwango cha chini kinachokubalika. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwani nguvu isiyorudi yaweza kuwa imegeuka joto ndani ya bamba. FR-4 hupoteza nguvu zaidi kuliko mabamba yaliyotengenezwa mahususi kwa masafa ya juu. Ndiyo maana ufanisi na mwelekeo wa mawimbi hukaguliwa pia.

Tofauti kati ya uigaji na kifaa halisi

Kompyuta hujibu kulingana na taarifa ilizopewa. Kigezo cha dielektriki cha FR-4 hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na msanifu aliyeingiza 4.4 anaweza kuuziwa bamba la 4.2 au 4.6.

Kwa kiraka cha mfano uliotajwa, tofauti hiyo ina uzito. Bamba likiwa na kigezo cha 4.2, masafa ya antena hupanda hadi takribani megahezi 2,505. Likiwa na 4.6, hushuka hadi karibu megahezi 2,398. Bendi inayotumika huanzia megahezi 2,400 na kuishia 2,483.5. Hivyo, katika hali zote mbili, kitovu cha antena huwa nje ya bendi, ingawa mchoro wa kompyuta ulionesha mafanikio. Vivyo hivyo, urefu wa kiraka ukipungua kwa milimita 1 wakati wa kuchapa, masafa hupanda kwa takribani megahezi 80, karibu sawa na upana wa bendi yote.

Tiba yake inafahamika. Bamba lililonunuliwa hupimwa kwanza kwa kuchapa kiraka cha majaribio, na kigezo halisi hukokotolewa kutokana na masafa yaliyoonekana. Uigaji hurudiwa kwa thamani hiyo, pamoja na majaribio ya kubadilisha kila kipimo kidogo kidogo ili kujua ni kipi kisichovumilia makosa. Ganda la plastiki na chuma kilicho jirani huingizwa pia kwenye mchoro, kwa kuwa navyo husogeza masafa.

Matumizi katika usafiri

Vipokezi vya GPS ni miongoni mwa vifaa vinavyotegemea sana antena hizi. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha takribani kilomita 20,200, na mawimbi yake ya megahezi 1,575.42 hufika ardhini yakiwa dhaifu sana. Viraka vingi vya GPS huchapwa juu ya kauri yenye kigezo kikubwa cha dielektriki, na hivyo huweza kuwa na ukubwa wa milimita 25 kwa 25 tu.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hufuatilia mwenendo wa mabasi ya abiria kupitia mfumo wa VTS. Mfumo wa namna hiyo huhitaji taarifa sahihi za mahali na mwendo. Antena iliyohama masafa huchelewesha au kukatiza taarifa hizo, na mwendokasi wa hatari waweza kupita bila kuonekana.

Uidhinishaji wa vifaa

Usimamizi wa masafa na uidhinishaji wa vifaa vya mawasiliano ya kielektroniki nchini ni jukumu la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Antena inayokusanya nguvu upande mmoja huongeza nguvu inayotoka upande huo, na kwa hiyo kubadilisha antena ya kifaa kilichoidhinishwa kwaweza kukitoa ndani ya masharti yake na kuwaingilia watumiaji wengine.

Mbunifu anayekusudia kuingiza kifaa sokoni anashauriwa kuwasiliana na Mamlaka hiyo mapema na kuandaa matokeo ya vipimo vya kifaa kilichokamilika, kikiwa ndani ya ganda lake. Majibu ya uigaji humsaidia kusanifu, lakini kinachotumiwa na wananchi ni kifaa chenyewe, na hicho ndicho kinachopaswa kupimwa.