Saa 40 za kuitafuta ndege ya KQ507

Ndege ya abiria ya shirika la Kenya Airways, safari nambari KQ507, ilitoweka usiku wa kuamkia Mei 5, 2007 muda mfupi tu baada ya kupaa kutoka uwanja wa Douala, nchini Cameroon. Ilikuwa imebeba watu 114. Msako wake uliwachukua maafisa takriban saa 40, ilhali mabaki yalikuwa yamelala kilomita 5.4 kutoka mwisho wa barabara ya kurukia ndege.

Ndege hiyo aina ya Boeing 737-800, ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka mmoja tangu kuundwa, ilitoka Abidjan, Ivory Coast, ikatua Douala kuchukua abiria. Mvua kubwa ya radi iliichelewesha, na ikapaa saa sita na dakika sita usiku. Ilitarajiwa katika uwanja wa Jomo Kenyatta saa kumi na mbili na robo asubuhi. Saa hiyo ilipowadia, jamaa waliofika kuwalaki wapendwa wao hawakuwa na wa kumpokea, wala shirika halikuwa na habari kamili ya kuwapa.

Kwanza msako ulielekezwa katika msitu mnene wa Lolodorf, kusini mwa Cameroon, zaidi ya kilomita 100 kutoka Douala. Helikopta zilitatizwa na hali mbaya ya hewa, na majani ya miti yalikuwa yamesongamana kiasi cha kuificha ardhi.

Kumbe waliokuwa na habari ni wavuvi. Wenyeji wa vinamasi vya mikoko karibu na Douala walisema walisikia kishindo kikubwa usiku ule ule. Siku ya pili, Mei 6, msako ukahamishiwa huko, na jioni mabaki yakapatikana karibu na kijiji cha Mbanga Pongo. Ndege ilikuwa imedidimia katika matope na kuvunjika vipande vipande, na hapakuwa na manusura. Ni vigumu kuelewa ni kwa nini majirani wa uwanja hawakuulizwa mapema, ingawa ni kweli kwamba hakuna aliyetarajia ndege iliyopaa salama ianguke hatua chache kutoka ilikotoka. Hata baada ya kupatikana, taarifa za mwanzo zilitaja umbali wa kilomita 20.

Kazi ya kuopoa miili na vifaa kutoka kwenye tope hilo ilikuwa ngumu mno. Kisanduku cheusi kinachohifadhi takwimu za safari kilipatikana Mei 7, lakini kile cha kunasa sauti za marubani kilipatikana Juni 15, baada ya wiki kadhaa za kuchimba. Visanduku hivyo vilipelekwa Canada kuchunguzwa.

Ripoti ya tume ya Cameroon, iliyotolewa Aprili 2010, ilisema ndege ilipaa bila idhini ya waongozaji. Baada ya kupaa, rubani mkuu alitamka kwamba mtambo wa kuiongoza ndege wenyewe uwashwe, lakini haukuwashwa, na hakuna aliyethibitisha. Ndege ikaanza kuinamia kulia polepole katika giza totoro, bila taa wala upeo wa macho wa kuwaelekeza marubani. King'ora kilipolia, rubani alipotewa na hisia za mwelekeo na akazidi kuilaza upande ule ule. Safari nzima haikuchukua dakika mbili.

Kwa shirika hilo lilikuwa pigo la pili. Januari 30, 2000, ndege yake ya KQ431 ilianguka baharini mara tu baada ya kupaa kutoka Abidjan, watu 169 wakafa na 10 wakanusurika.

Tangu Novemba 2018, kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa angani, ICAO, zinataka ndege kubwa za abiria zinazovuka bahari zifuatiliwe kila baada ya dakika 15. Kanuni hiyo ilichochewa na kutoweka kwa MH370 ya Malaysia mnamo Machi 2014 ikiwa na watu 239, ambayo kipande cha bawa lake kiliokotwa kisiwani Pemba, Tanzania, mwaka wa 2016. KQ507 isingalifaidika nayo, kwani ilianguka kabla ya dakika ya pili kutimia.