Umenyimwa mafao ya ulemavu Marekani? Hivi ndivyo unavyokwenda mahakama ya shirikisho

Uliomba mafao ya ulemavu Social Security, ukakataliwa. Ukaomba wapitie upya, wakakataa tena. Ukasikilizwa na jaji wao, akasema bado unaweza kufanya kazi. Ukaandikia Baraza la Rufaa, na sasa limekujibu kwa barua kwamba halibadilishi kitu.

Wengi wakifika hapa hudhani mambo yamekwisha. Bado. Sheria inakuruhusu kuipeleka Social Security kwenye mahakama ya shirikisho, mbele ya jaji asiye mwajiriwa wao. Njia ni hiyohiyo kwa SSDI, inayolipwa waliochangia kupitia mishahara, na kwa SSI, ya wenye kipato kidogo.

Hesabu siku zako leo

Una siku 60 tangu ulipopokea barua ya Baraza la Rufaa. Wao huchukulia kwamba barua ilikufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Barua ya Machi 1 inahesabika imekufikia Machi 6, kwa hiyo mwisho wako ni Mei 5.

Ukituma karatasi kwa posta, inayohesabiwa ni siku zilipofika mahakamani, siyo siku ulipozituma. Usisubiri wiki ya mwisho.

Una sababu ya msingi ya kuchelewa, kwa mfano ulilazwa hospitali? Liandikie Baraza la Rufaa uombe kuongezewa muda, ikiwezekana kabla siku hazijaisha. Ukikaa kimya, unaweza kupoteza malipo ya miaka yote uliyosubiri.

Unafungua wapi na kwa shilingi ngapi?

Kesi inafunguliwa kwenye mahakama ya wilaya ya shirikisho ya eneo unaloishi. Ziko 94 nchi nzima. Usichanganye na mahakama za jimbo au kaunti. Unayemshtaki ni Kamishna wa Social Security, siyo jaji aliyekukatalia.

Hati ya madai ni fupi, na fomu yake ipo kwa wasiokuwa na wakili. Unataja jina lako, kaunti unayoishi, uamuzi unaoupinga na aina ya mafao uliyoomba. Usiandike namba yako kamili ya Social Security. Tangu Desemba 1, 2022, mahakama yenyewe ndiyo inayoitaarifu Social Security, huhitaji kuwapelekea hati za wito.

Ada ni dola 405. Kama huna, jaza fomu ya kuomba usamehewe ada, ukionyesha kipato na matumizi yako. Jaji akikubali, hulipi.

Jaji anaangalia nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mahakama hii haisikilizi kesi yako upya. Hutaitwa kueleza unavyoumwa, na kwa kawaida huwezi kuleta vipimo vipya. Jaji anasoma jalada lililokwishakuwepo na kujiuliza maswali mawili: je, sheria ilifuatwa? Na je, kuna ushahidi wa kutosha ambao mtu mwenye busara angeukubali kuunga mkono uamuzi ule?

Kwa hiyo kusema tu "mimi ni mgonjwa kweli" hakusaidii. Onyesha kosa, na ukurasa lilipo. Makosa yanayojitokeza mara kwa mara ni haya:

- Maoni ya daktari wako yaliwekwa kando bila kuelezwa kama yana msingi wa kitabibu na kama yanalingana na ushahidi mwingine.
- Maelezo yako kuhusu maumivu yalipuuzwa bila sababu za wazi.
- Mtaalamu wa ajira aliulizwa kuhusu mtu mwenye nafuu kuliko wewe, kwa mfano bila kutajiwa kwamba huwezi kusimama muda mrefu.

Ushahidi mpya unaweza kurudisha kesi pale tu unapogusa jambo lenyewe na ukawa na sababu nzuri ya kutouleta mapema.

Ukishinda, unapata nini?

Usitegemee hundi kesho yake. Mara nyingi kushinda maana yake jaji ameirudisha kesi Social Security, usikilizwe tena na kosa lirekebishwe. Kuamuru ulipwe moja kwa moja hutokea, ila ni nadra. Ukishindwa, una siku 60 za kukata rufaa mahakama ya juu zaidi ya shirikisho.

Wakili na lugha

Mawakili wengi wa kesi hizi hawadai pesa mwanzoni. Kwa kazi ya mahakamani, sheria inaruhusu hadi asilimia 25 ya malimbikizo yako, na lazima mahakama iidhinishe. Wakati mwingine serikali inaamriwa kulipa gharama za wakili. Akilipwa kote kuwili kwa kazi hiyohiyo, anakurudishia kiasi kilicho kidogo. Muulize hilo kabla hujasaini.

Kwa anayezungumza Kiswahili: kwenye usikilizwaji wa Social Security una haki ya mkalimani bure. Mahakamani kazi karibu yote ni ya maandishi ya Kiingereza, na yana muda. Social Security ikishawasilisha jalada, una siku 30 tu za kuleta hoja zako. Tafuta mtu wa kukusomea kila barua siku inapofika, na ukihama, iarifu mahakama.

Wakati unasubiri

Endelea na matibabu. Pia unaweza kufungua ombi jipya la mafao wakati kesi iko mahakamani, hasa kama hali imezidi. Na bahasha ya Baraza la Rufaa usiitupe: barua iliyomo ndiyo inayoonyesha siku zako zinaanza kuhesabiwa lini.